Mwana Aliyeko Shule

Mara ya kwanza mama aliponiuliza mimi ni nani, nilikuwa nimeshika bakuli la uji wake. Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine, jua limeshaingia uani, redio ya mpangaji wetu inasoma matangazo ya vifo. Mama aliniangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia mgeni aliyeingia bila kubisha hodi, akasema, "Samahani baba, wewe ni nani?"

Nilidhani ananitania, maana alikuwa mtani mkubwa. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mie mwanao, mama."

"Aa," akasema, akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Lakini hakuonja hata kijiko mpaka nilipotoka chumbani. Nilisimama nyuma ya mlango nikimsikiliza anavyokula. Nimeshawahi kuogopa mambo mengi. Nimeogopa maji ya mafuriko yakipanda ukutani, nimeogopa umeme ulionirusha kazini. Woga wa asubuhi ile haukuwa na mahali pa kuukimbilia, kwa sababu tangu utotoni nilipoogopa nilikimbilia kwa mtu yule yule aliyekuwa ndani anakula uji.

Sie ni watu wa Temeke. Babu mzaa baba alitoka Hadhramauti akafungua duka la viungo na vitambaa. Baba akalirithi, na baba alipofariki mama ndiye aliyelishika kwa miaka mingi. Alijua kila mteja, nani kajifungua, nani kaachwa, nani hapendi iliki kwenye chai. Dada yangu ameolewa Mbagala. Mimi ni fundi wa viyoyozi. Mke wangu alikwisha kuondoka, nikarudi kuishi na mama katika nyumba ya nyuma ya duka, ambalo wakati huo lilikuwa limeshafungwa. Mpangaji wetu, mama mmoja wa Kimakonde kutoka Newala, ndiye aliyekubali kumwogesha mama na kukaa naye ninapokuwa kazini.

Daktari alituambia ubongo wa mama unasinyaa. Alisema atasahau ya jana kwanza, kisha ya miaka ya karibuni, kisha ya zamani, na mwishowe hata kumeza chakula kutamshinda. Aliyasema hayo kwa sauti ya upole huku ananiangalia mimi. Mama alikuwa amekaa kati yangu na dada, anaitazama feni ya juu na kutabasamu.

Miezi ile ndipo nilipopelekwa Mbweni kutengeneza kiyoyozi katika nyumba ya mwalimu mstaafu. Alikuwa mama wa Kisri Lanka, mjane, aliyefundisha hesabu katika shule za hapa mjini mpaka Kiswahili chake kikawa cha hapa hapa. Sebuleni kwake palikuwa na sanamu ndogo ya Buddha juu ya kabati, na mbele yake maua ya mwasumini ndani ya kisahani. Nilipoiona nilijikuta nimeanza kusoma dua kimya kimya. Nilikuwa nimefundishwa kuogopa sanamu.

Mwalimu alikaa kwenye kiti akinitazama nikikifungua kiyoyozi. Nikazitandaza sehemu zake sakafuni: feni, mabomba, chujio, skrubu kwenye kifuniko cha kopo.

"Sasa fundi," akasema, "kiyoyozi kiko wapi?"

"Si hiki hapa."

"Hiyo ni feni."

"Basi vyote hivi."

"Vyote hivi vikilala sakafuni vinapoza chumba?"

Nikamwambia havipozi mpaka viungwe. Akasema hata vikiungwa havipozi mpaka umeme uje, na umeme unatoka mbali, kwenye maji ya mito, na mito inatoka kwenye mvua. Akasema hiyo ndiyo elimu aliyolelewa nayo: ukikitafuta kitu peke yake, kitu kinachojitegemea, hukioni. Unaona vingine tu vilivyokiegemeza. Katika Kiswahili aliiita utupu.

"Mwalimu, kwetu utupu ni kuwa uchi."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Basi mna neno zuri kuliko letu. Kivue kitu majina yake yote, kisha utazame."

Sikucheka naye. Wiki ile ile mpangaji wetu alikuwa amekwenda msibani, na mama akajichafua. Nililazimika kumwosha mwenyewe. Mtoto wa kiume wa nyumba kama yetu hauoni utupu wa mama yake. Nilifunga macho nikamwosha kwa kupapasa, na yeye akawa analia na kuniita "bwana wewe", akinisihi nisimdhuru. Sijui nilimwambia hayo Mwalimu kwa sababu gani, mtu niliyemjua kwa saa moja. Kisha akaniuliza kama ningependa siku moja nije nikae naye kimya, bila ya kufanya ibada yoyote, kukaa tu.

Nikawa ninakwenda Jumamosi mchana. Nilikaa juu ya mkeka, mgongo wangu nimeuelekeza kwenye sanamu ili roho yangu itulie. Alinifundisha kuangalia pumzi, kisha mawazo yanavyokuja bila ya kuitwa, kisha kuuliza polepole: ni nani anayeyaona haya? Nyumbani nilifanya hivyo baada ya sala ya alfajiri, kabla mama hajaamka. Sikuacha kuswali. Nilikuwa mtu anayezama, anashika kila kamba anayotupiwa.

Mwanzoni ilinisaidia. Mteja akinitukana, niliiona hasira ikipanda kifuani na ikishuka, kama maji ya kuchemka yaliyotolewa jikoni. Nikapata hata raha. Nikadhani nimeshaelewa.

Halafu siku moja nilikuwa Kinondoni, juu ya ngazi, nafunga mashine kwenye ukuta wa ghorofa ya kwanza. Nikautazama mkono wangu ukikaza nati, na bila ya kukusudia nikauliza lile swali. Ni nani anayekaza? Na hapakuwa na mtu. Sijui niseme vipi vingine. Mkono ulikuwepo, spana ilikuwepo, kelele za barabarani zilikuwepo, ila yule niliyemzoea ndani, mwenye jina langu, nilimtafuta nikamkosa. Kwa muda mfupi palikuwa na utulivu mkubwa. Kisha hofu ikaja kwa kishindo. Nikaikumbatia ngazi kwa mikono yote, spana ikaanguka chini, na mwenye nyumba akatoka kuuliza kuna nini.

"Kizunguzungu," nikasema.

Nilishuka nikakaa chini ya ukuta. Kilichonitisha si kuanguka. Nilikuwa nimemwona mama ndani yangu. Nilidhani nimeingia kwa miguu yangu mwenyewe katika chumba kile kile alichokuwa anasukumwa yeye. Kama yeye anapotea kwa maradhi, mimi najipoteza kwa makusudi, na ugonjwa huu unasemekana hurithiwa. Nilirudia jina langu moyoni, jina la baba, jina la babu, jina la shule niliyosoma, kama mtu anayepapasa mifuko yake sokoni. Jioni ile nilimpigia dada na kumsimulia. Nilitaka anipoze.

"Umeyataka mwenyewe," akasema, na sauti yake ilikuwa na woga zaidi kuliko yangu. "Unakwenda kukaa na masanamu, kitu gani unafikiri kitakuingia? Tunaye mmoja tayari. Nikiwa na wawili nitafanya nini mie?"

Nikaacha kwenda Mbweni. Nikaacha hata kuangalia pumzi. Nikiona ukimya unakuja nilifungua redio.

Nyama yetu nilikuwa nainunua Vingunguti, machinjioni, kwa sababu kule ni fresh na mama alikuwa bado anatambua maini mazuri kwa kuyabonyeza kwa kidole. Asubuhi moja mpangaji wetu alishikwa na homa. Sikuweza kumwacha mama peke yake, tangu alipowahi kufungua geti akatokea barabara kuu. Nikamvalisha baibui lake, nikampandisha bajaji, tukaenda wote. Njia nzima alikuwa amechangamka, akisoma kwa sauti vibao vya maduka.

Tuliposhuka, palikuwa na watu wengi. Ng'ombe walikuwa wanashushwa kwenye lori, wanalia. Vijana wa machinjioni walipita na makoti yaliyokuwa meupe, sasa yana damu mpaka viwikoni, visu vimening'inia kiunoni. Nilihisi mkono wa mama ukikakamaa ndani ya wangu. Nikamshika kwa nguvu zaidi. Hilo ndilo lililoharibu.

"Niache!" akapiga kelele. "Niache! Mwizi! Huyu mwizi ananipeleka kuchinjwa!"

Watu wa Dar mnajua neno hilo linavyofanya kazi. Ng'ombe waliendelea kulia, lakini binadamu wote walinyamaza mara moja, wakageuka. Nikamwachia mkono. Nikasema kwa sauti kubwa, "Jamani, huyu mama yangu. Mgonjwa. Mie mwanawe."

"Mwongo!" mama akasema. Mtandio ulikuwa umemwanguka. "Mwanangu mdogo. Mwanangu yuko shule."

Kijana mmoja akanivuta kola kutoka nyuma. Mwingine akauchukua mkoba wangu akaumwaga chini, na ndani kulikuwa na spana, waya na bisibisi. Nadhani wao waliona vyombo vya kuvunjia nyumba. Mtu akasema, "Wanawaibia wazee siku hizi, wanawaleta huku kuwapora." Kibao cha kwanza kilinipata sikioni. Nikasikia mlio mrefu, na nyuma ya mlio huo nikasikia mtu anaulizia tairi.

Nimeshasoma mahali watu wakieleza kwamba kwenye hatari muda husimama. Wangu haukusimama. Ulikuwa unakwenda mbio na mimi nikiwa chini yake. Nilirudia, "Mie mwanawe, mie mwanawe, muulizeni jina langu," na kadiri nilivyorudia ndivyo mama alivyozidi kulia, na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kunikaribia. Niliona visu. Hakuna aliyekuwa amevishika, vilikuwa viunoni tu, lakini sikuona kingine.

Sitasema kwamba nilikumbuka mafunzo. Sikukumbuka kitu. Nilimtazama mama tu, na ghafla nikaona anavyoniona: mwanamume mwenye sauti kubwa, anayemganda, anayemlazimisha kwa nguvu awe mama yake, mbele ya damu. Na yule mwana niliyekuwa napigania jina lake, kwake alikuwa mahali salama, darasani, na kaptula yake ya kaki. Kwa nini nimtoe huko? Kitu kikanilegea. Nikakaa chini kwenye tope, miguu imekunjwa, mikono yangu wazi juu ya mapaja.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Akasita. Malezi ni malezi. "Marahaba."

"Mie nimetumwa na mwanao aliyeko shule. Kaniambia nikusindikize mpaka nyumbani, njia isikuchanganye."

"We!" kijana aliyenishika kola akapiga ukelele. "Sasa hivi ulisema wewe ndiye mwanawe. Mbona unageuza maneno?" Akainua mkono.

Kilichomzuia ni mama muuza supu aliyekuwa kwenye meza yake pembeni, upawa mkononi. "Mwache," akasema. "Mwache amalize. Mama mkwe wangu alikuwa hivyo hivyo. Ukimbishia utamuua."

Mkono wa kijana ukabaki juu. Mama alikuwa ananiinamia, ananichunguza, kama alivyokuwa akimchunguza mteja anayetaka kukopa.

"Amekutuma yeye?"

"Ndiyo, mama."

"Amekula?"

"Amekula."

"Nini?"

"Wali na maharage. Kasema vyako vitamu zaidi."

Mama akacheka kidogo, machozi bado yako mashavuni. Akajifunga mtandio wake vizuri. "Mtoto yule mbea," akasema. "Haya inuka, baba, utachafua nguo. Twende, asije akarudi akakuta mlango umefungwa."

Akaninyooshea mkono, mimi nikaushika kwa vidole viwili tu, nikainuka. Watu wakatupisha. Yule yule aliyenipiga kibao alikusanya spana zangu akazirudisha mkobani, moja moja, hanitazami usoni. Mama muuza supu akamwambia atupeleke mpaka kwenye bajaji, na yeye akatupeleka.

Ndani ya bajaji mama alilala. Tukafika karibu na Keko, pale mafundi wanapopanga makabati na vitanda kando ya barabara. Vioo vya makabati yale vilinionyesha sura yangu inapita na kupita, na kila mara nilishtuka. Nilipofika nyumbani nilishindwa kuingiza ufunguo kwenye kufuli. Kwa muda mrefu baada ya siku ile, nikisikia watu wengi wanaongea kwa pamoja, hata kwenye harusi, mwili wangu ulitafuta mlango.

Nilirudi Mbweni Jumamosi iliyofuata. Mwalimu alifungua mlango kwa kupapasa kitasa. Katika muda ambao sikwenda, macho yake yalikuwa yameharibika. Aliniambia ni presha ya macho, kwamba pembeni kumeshaingia giza na lililobaki ni tundu dogo katikati. Nilimsimulia yote, ya kwenye ngazi na ya Vingunguti. Hakunikatiza.

"Nilidhani utupu unaondoa woga," nikasema mwishoni.

"Na mimi nilidhani hivyo, mpaka macho haya. Naogopa kila asubuhi. Nikiamka, kabla sijafumbua, naogopa."

Sikutegemea jibu lile. Nilitaka aniambie kuna mahali anakaa ambapo woga haufiki, na mimi anielekeze. Nilipata hasira kidogo, kisha nikamwonea huruma, kisha nikajisikia siko peke yangu.

"Lakini niambie," akasema. "Yule mwizi. Alikuwa wapi?"

"Mwizi gani? Hapakuwa na mwizi."

"Watu walimwona. Walitaka kumchoma moto. Alikuwa wapi?"

Nikafikiri. Nikasema alikuwa kwenye kelele ya mama. Alikuwa kwenye damu ya yale makoti, kwenye bisibisi, kwenye hadithi walizosikia za wazee kuporwa. Alikuwa hata kwenye mkono wangu, nilivyomkamata mama kwa nguvu.

"Na ulipokaa chini alikwenda wapi?"

Hakwenda popote. Alikuwa ameshikiliwa na mambo yale, na moja lilipolegea, mengine yakashindwa kumbeba.

"Na yule mwana?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa. "Kama mwizi hakuwepo, mwana naye je? Mie nani, mama akinisahau kabisa?"

"Uliposema amekula wali na maharage," Mwalimu akasema polepole, "ni nani aliyejua mama yake atauliza hivyo?" Akataka kunishika mkono, akakosea, akashika kiwiko. "Utupu si kwamba hupo, fundi. Pale kwenye ngazi ulifika nusu ya njia ukakimbia. Ni kwamba hupo peke yako, basi. Hiyo inatisha, najua. Mimi bado inanitisha."

Sasa naishi hivi. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa mama, nasimama kidogo na kuacha kila nilichojiandaa kuwa. Siku nyingine mimi ni marehemu kaka yake, ananigombeza kwa kuchelewa. Siku nyingine mimi ni fundi, na hapo hatujakosea wote wawili. Mara moja alinichukulia kuwa baba yangu, akaona haya akageuza uso, na mimi nikatoka nikamwita mpangaji wetu aingie. Si kila nafasi ni yangu kuikaa. Kuna siku ananiita kwa jina langu, na siku hizo ni ngumu kuliko zote, kwa sababu nazitaka ziendelee, na nikizitaka tu naanza kumsumbua: unakumbuka hiki, unakumbuka kile? Namwona anavyochoka, anavyoingiwa na hofu. Najilazimisha kunyamaza.

Woga haujatoka. Nikiusahau hunikumbusha wenyewe.

Dada yangu alikataa mambo hayo yote. Kila alipokuja kutoka Mbagala alimshika mama mabega na kusema, "Mama, ni mie! Niangalie! Mie binti yako!" na kila mara waliishia kulia wote wawili. Ijumaa iliyopita alikuja na vitunguu saumu, akawakuta mama na mpangaji wetu wamekaa kwenye jamvi. Mama akamwambia, "Karibu shoga, kaa, mume wako hajambo?" Niliona dada anavyovuta pumzi ya kubisha. Akanitazama mlangoni. Kisha akakaa.

"Hajambo," akasema. "Anakusalimu."

Wakamenya vitunguu. Mama akamsimulia habari za binti yake mkubwa, msichana mwenye kiburi lakini moyo wake safi, ambaye siku moja alimpiga mtoto wa jirani kwa sababu alimcheka mdogo wake. Dada hakuwahi kuisikia habari ile ikisimuliwa kwa upande wa mama. Alimenya mpaka vikaisha, akainuka taratibu, akatoka uani na kuniangukia begani.

"Unaweza vipi?" akaniuliza. "Kila siku, unaweza vipi?"

"Siwezi. Naogopa, naingia hivyo hivyo."

Alilia kwa sauti, ile aliyokuwa anaizuia tangu kwa daktari. Ndani, mazungumzo yakakatika. Tukasikia jamvi likikwaruza, na sauti ya mama, kali na yenye amri, sauti ya mwenye duka.

"Nani huyo analia huko nje? Mleteni huku ndani kwangu."

Dada akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaingia.